Mgeni Anayemkataza Mwenyeji Kufa

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa desturi methali hii hutamkwa kwa furaha, kwa kuwa ujio wa mgeni huleta kitoweo ambacho hata mwenye nyumba alikuwa hajakionja kwa siku nyingi. Lakini yuko mgeni mmoja ambaye huigeuza methali hii ikawa msiba. Huingia bila kupiga hodi, humkuta mwenyeji ameazimia kufa ili awaokoe jamaa zake, naye humkataza kufa. Mwenyeji hupona kweli, ila jamaa ndio huangamia. Mgeni huyo ni kirusi, mwenyeji ni seli moja ya mwili, na jamaa ni mwili mzima.

Yamkini msomaji atauliza jambo hili linawahusu nini watu wa Kutus, mji ulio kwenye njia panda ya Kerugoya, Embu na Mwea. Juu ya mji huo kuna majani chai na kahawa, na chini yake kuna mashamba ya mpunga wa Mwea. Mahindi yamo, nguruwe wamo, na shule zimejaa watoto. Chuo Kikuu cha Kirinyaga, kilichopewa hati yake mwaka 2016, kiko papo hapo jirani. Nadai ya kwamba kisa hiki kinapita katika shamba la mahindi, katika zizi la nguruwe na katika darasa la wasichana wa miaka 10, na kwamba mwalimu asiyekijua ananyimwa silaha anayoihitaji sana siku hizi.

Katika shule nyingi mwanafunzi hukariri kwamba virusi huingia ndani ya seli, huzaana, kisha huiua seli. Maneno hayo si ya uongo, bali ni nusu ya ukweli. Nusu iliyosahaulika ni kwamba mara nyingi seli yenyewe ndiyo hutaka kufa upesi, na kirusi ndicho hufanya kila hila kuichelewesha.

Tuanze na kifo chenyewe. Mwaka 1972, John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie waliandika makala iliyokipa kifo hicho jina la apoptosisi, neno la Kiyunani linalohusu majani yanavyopukutika mtini. Waliona kwamba seli hufa kwa namna mbili. Ya kwanza ni kifo cha ajali: seli iliyoungua au kukosa hewa huvimba, hupasuka na kumwaga uchafu wake kwa majirani. Ya pili ni kifo cha mpango. Seli hunywea, huikatakata DNA yake, hujigawa katika vifurushi vidogo vilivyofungwa vizuri, na majirani huvimeza bila ya uvimbe wala usaha. Ni kama mpangaji anayehama kwa heshima: hufagia chumba, hufunga mizigo yake, na kurudisha ufunguo.

Bila kifo hicho hatungekuwa na umbo tulilo nalo. Vidole vya mtoto tumboni huanza vikiwa vimeungana kama mguu wa bata, kisha seli zilizo baina yao hufa na vidole hutengana. Kuna mnyoo mdogo wa udongoni uitwao Caenorhabditis elegans ambaye katika kukua kwake hutengeneza seli 1,090 za mwili, na kati ya hizo 131 hufa kwa mpango, kila moja kwa saa yake. Kwa kazi iliyohusu mnyoo huyo, Sydney Brenner, Robert Horvitz na John Sulston walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Vyombo vya kifo hicho vimo ndani ya kila seli, vikingoja amri. Kuna mlinzi aitwaye p53, ambaye hukagua DNA na kupiga mbiu akiona imeharibika. Kuna mitokondria, ambazo wanafunzi wanazijua kama vinu vya nguvu. Zikitobolewa, humwaga protini inayotangaza kwamba wakati umewadia. Na kuna vimeng'enya viitwavyo kaspasi, ambavyo ndivyo visu vyenyewe. Kati ya mlinzi na visu wamekaa wazuiaji, mashuhuri wao akiwa Bcl-2, protini inayolinda mitokondria zisitobolewe ovyo.

Sasa kirusi kinaingia. Hakina mtambo wake wa kuzaana, kwa hiyo huteka mtambo wa seli. Seli hugundua wizi huo, na njia yake moja ya kujitetea ni kufa kabla kirusi hakijamaliza kutengeneza watoto wake. Wanaokabiliana na moto katika misitu ya Mlima Kenya wanaielewa hekima hiyo: hukata ukanda wa miti na majani ili moto ufike hapo ukose cha kula. Seli inayojiua ni ukanda wa kuzuia moto. Hasara yake ni ndogo, faida yake ni mwili mzima. Basi kirusi kisichoweza kuzuia kifo hicho hubaki na watoto wachache, na kinachoweza hurithisha hila yake kwa vizazi vingi.

Ushahidi wa wazi wa jambo hili ulipatikana kwa mdudu ambaye wakulima wa Kirinyaga wanamfahamu kwa machungu. Mwaka 1991 katika Chuo Kikuu cha Georgia nchini Marekani, Rollie Clem, Marcus Fechheimer na Lois Miller walichunguza kirusi cha viwavi cha jamii ya bakulovirusi. Walikitia katika seli zilizokuzwa maabarani, seli za mdudu aitwaye Spodoptera frugiperda. Huyo ndiye kiwavijeshi vamizi, yule yule aliyethibitishwa kuwa ameingia Kenya mwaka 2017 na kuyatafuna mahindi yetu. Kirusi kilipokuwa kamili, seli ziliendelea kuishi kwa siku kadhaa zikikitumikia. Kilipokosa jeni moja tu, iitwayo p35, seli zilijikatakata upesi na mavuno ya kirusi yakapungua sana.

Baadaye ilifahamika jinsi p35 inavyofanya kazi. Huzikaribia kaspasi ikijifanya chakula. Kaspasi huikata, lakini mara tu ikiisha kuikata hunasa pale pale, kama ndege aliyetua penye ulimbo. Kisu kinabaki kimegandamana na nyama, na hakiwezi kukata kingine. Jeni moja ya kirusi cha kiwavi ilitosha kuonyesha ulimwengu kwamba kuzuia kifo cha mwenyeji ni sehemu ya riziki ya kirusi.

Kutoka shamba la mahindi tuingie zizini. Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza hapa Kenya. Daktari wa mifugo R. Eustace Montgomery aliuona ugonjwa huo katika nguruwe wa walowezi na kuchapisha taarifa yake mwaka 1921. Nguruwe hao wa asili ya Ulaya walikuwa wakifa karibu wote, ilhali ngiri wa porini walibeba kirusi kile kile bila kuugua. Msafirishaji wake wa kale ni papasi, yule kupe laini anayeishi mashimoni mwa ngiri. Mwaka 1957 ugonjwa ulivuka hadi Ureno, mwaka 2007 ukafika Georgia ya Kaukazi, na mwaka 2018 ukaingia China, nchi yenye nguruwe wengi kuliko zote duniani.

Kirusi hiki hupenda makrofaji, zile seli walaji zilizopewa kazi ya kumeza adui. Mwaka 1993 watafiti walitangaza kwamba kina jeni iliyofanana na ile ya Bcl-2, ambayo leo huitwa A179L. Kwa maneno mengine, kirusi kimeghushi mhuri wa mzuiaji wa kifo. Mitokondria zinapotaka kufunguka, hukuta barua yenye mhuri ule na kutulia, kama karani anayeona mhuri wa chifu asijue kwamba umechongwa kichochoroni. Wala hakina mhuri huo peke yake, kwa kuwa kina jeni nyingine zaidi ya moja za kazi hiyo hiyo.

Ajabu ya ugonjwa huu ni kwamba seli zilizoambukizwa huzuiwa kufa, nazo seli za jirani ambazo hazikuambukizwa hufa kwa wingi. Makrofaji zilizotekwa hutoa kemikali za hatari, na limfosaiti, ambazo ni askari wa kinga, hupokea kemikali hizo na kujiua makundi kwa makundi. Aliyestahili kufa anaishi, aliyestahili kuishi anakufa. Nguruwe hubaki bila jeshi, damu huvuja ndani ya mwili, na katika siku chache zizi huwa tupu.

Ni kweli kwamba mwaka 2022 Vietnam iliruhusu chanjo hai dhidi ya ugonjwa huu. Lakini chanjo hiyo ilitengenezwa kwa aina ya kirusi iliyoenea Ulaya na Asia, na nasaba za kirusi zinazosumbua zaidi Afrika Mashariki ni nyingine, zile za tisa na kumi. Kwa hiyo ngao ya mfugaji wetu ni mlango wa zizi. Makombo ya hotelini yachemshwe kabla ya kulishwa nguruwe, wageni wasiingie zizini na viatu vya nje, na nguruwe mgonjwa asikimbizwe sokoni au buchani ili kuokoa shilingi chache. Kirusi hiki hakimdhuru binadamu, bali husafiri ndani ya nyama kwa muda mrefu, na kikishaingia katika seli hakuna dawa ya kukitoa.

Tukija kwa binadamu, kisa mashuhuri kilianzia kwa jirani zetu wa Uganda. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Baadaye aliona mtoto mwingine wa namna hiyo huko Jinja, akaanza kuchunguza, na mwaka 1958 akachapisha maelezo ya saratani ambayo sasa ina jina lake. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake Edward Williams na Clifford Nelson walifunga safari ya gari ya kilomita zipatazo 16,000, wakiuliza hospitali baada ya hospitali. Waligundua kwamba uvimbe huo hufuata joto na mvua, na kwamba karibu na ikweta huwa nadra katika nchi zilizoinuka kupita mita 1,500 hivi.

Mtu wa Kirinyaga hahitaji ramani ili aelewe mstari huo. Kule kwenye chai kuna baridi na mbu wa malaria ni haba. Huku chini, penye maji ya mpunga wa Mwea, mbu wamechunguzwa na wanasayansi kwa miaka mingi. Mpaka wa saratani ile ulikuwa kwa kweli mpaka wa malaria. Lakini malaria haikuwa peke yake.

Mwaka huo huo wa 1961 Burkitt alitoa mhadhara London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein. Tangu hapo vipande vya uvimbe vilisafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Siku moja, mwishoni mwa 1963, ukungu ulizuia ndege kutua London ikapelekwa Manchester, na kipande kilipofika maabarani maji yake yalikuwa yamechafuka. Wengine wangeyamwaga wakidhani ni bakteria. Epstein aliyatazama kwa hadubini akaona seli hai zinazoelea, zenye afya tele. Ndani ya seli za namna hiyo, yeye na wenzake Bert Achong na Yvonne Barr walikiona kirusi, wakatangaza habari yake mwaka 1964. Ndicho kirusi cha Epstein-Barr.

Limfosaiti ya kawaida ikitolewa mwilini hufa baada ya siku chache. Zile za Kampala zilisafiri, zikacheleweshwa, na bado zikazidi kuongezeka. Sababu ya ukaidi huo ilieleweka baadaye sana. Kirusi cha Epstein-Barr kina jeni iitwayo BHRF1, nayo pia ni mhuri wa kughushi wa Bcl-2. Zaidi ya hayo, kina protini nyingine inayoilazimisha seli itengeneze Bcl-2 yake yenyewe kwa wingi. Mwaka 1991 uchunguzi ulionyesha kwamba jeni za kirusi hicho, zikiwashwa katika seli hizo, huzikinga na apoptosisi.

Hapa lazima tuwe waadilifu. Zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanabeba kirusi hiki na hawana saratani. Ili uvimbe wa Burkitt utokee, huwapo pia kosa katika DNA: jeni iitwayo MYC huhama kutoka mahali pake na kuisukuma seli igawanyike bila breki. Seli yenye kosa la namna hiyo kwa kawaida huamriwa kujiua. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba malaria inayorudi mara kwa mara huchochea seli hizo na kuilegeza kinga, na kirusi huziongezea seli zenye kosa muda ambao hazikustahili kuupata. Kwa hiyo mtoto haugui kwa sababu ya mchawi, wala kwa sababu ya jino lililong'olewa vibaya.

Nalo tumaini lipo. Burkitt mwenyewe alionyesha katika miaka ya 1960 kwamba baadhi ya watoto hao wanaweza kupona kwa dawa. Dawa hizo, kama saiklofosfamaidi, huiumiza DNA ya seli mpaka mzuiaji ashindwe na seli itii amri ya kufa. Lakini uvimbe huu ni miongoni mwa zile zinazokua kwa kasi kubwa kabisa, na unaweza kuongezeka maradufu kwa siku chache. Mwalimu ndiye humwona mtoto kila siku ya shule. Taya linalovimba au meno yanayolegea bila sababu si jambo la kungojea likizo.

Sasa nifike katika darasa la wasichana wa miaka 10. Oktoba 2019 Kenya iliingiza chanjo ya kirusi cha papiloma, HPV, katika ratiba ya chanjo za taifa, na baadaye rika likapanuliwa hadi miaka 14. Aina za kirusi hicho kama 16 na 18 husababisha saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ni miongoni mwa saratani zinazoua wanawake wengi zaidi nchini. Harald zur Hausen alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kuugundua uhusiano huo.

Hila ya HPV si ya kughushi mhuri, bali ya kumwondoa mlinzi. Protini yake E6 humshika p53, humtia alama ya takataka, na mtambo wa seli wa kusaga taka humsaga. Seli inapopata makosa katika DNA, hakuna wa kupiga mbiu. Mara nyingi kinga ya mwili hukifukuza kirusi hiki ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kisipofukuzwa, makosa hulimbikizana kwa miaka mingi, na siku moja mama wa watoto watatu anaambiwa habari mbaya. Chanjo yenyewe haina jeni yoyote ya kirusi; ni maganda matupu yanayoufundisha mwili sura ya adui. Wala haiwezi kumrudisha p53 aliyekwisha kusagwa. Ndiyo sababu hutolewa mapema, kabla mgeni hajakaribia mlango.

Sababu hiyo ndiyo inayokosekana katika mabishano yetu. Uvumi umesema kwamba chanjo hii ni ya kuwafunga wasichana uzazi, na wazazi wengine wameuliza kwa uchungu kwa nini mtoto mdogo achanjwe dhidi ya ugonjwa wa watu wazima. Swali hilo ni la haki, na halijibiwi kwa kumkemea mzazi wala kwa kumwonyesha waraka kutoka Nairobi. Linajibiwa na mwalimu anayeweza kueleza kwa Kiswahili au kwa Kikuyu kwamba kirusi kikishamwondoa mlinzi, chanjo huwa imechelewa. Mzazi aliyeelewa sababu hahitaji kulazimishwa.

Watakuwapo watakaosema kwamba habari za kaspasi na Bcl-2 ni za maprofesa, na kwamba mwanafunzi wa sekondari anahitaji tu yale yatakayoulizwa katika mtihani. Siafikiani nao. Majina anaweza kuyaacha. Wazo lenyewe halimshindi mtoto yeyote aliyewahi kuona jani likianguka au msitu ukikatwa ukanda. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba virusi huua seli, basi, atangojea kuona kifo ndipo aogope. Aliyefundishwa kwamba kirusi hatari kinaweza kuziweka seli hai, kimya, bila maumivu, ataelewa kwa nini zizi hufungwa nguruwe wakiwa wazima, kwa nini msichana huchanjwa akiwa na afya, na kwa nini mwanamke huenda kupimwa mlango wa kizazi siku ambayo hasikii ugonjwa wowote.

Elimu hii tayari imezaa dawa. Mwaka 2016 Marekani iliidhinisha venetoclax, kidonge kinachomshika Bcl-2 na kuiruhusu seli ya saratani fulani ya damu ijifie. Wanasayansi walioitengeneza walianza kwa kuuliza swali ambalo mwanafunzi wa Kutus anaweza kuuliza pia: kwa nini seli hii inakataa kufa? Mwalimu wa bayolojia aliandike swali hilo ubaoni muhula huu, kabla ya kuandika neno virusi.